Mgahawa wa Milanzi Hauuzwi

Sogeeni, wanangu. Gaudiosa kaa hapa kitandani, na wewe Polikarp acha kusimama mlangoni kama mgeni, maana sauti yangu haifiki mbali tena na haya ya leo sitayarudia. Padri amekwisha kunipaka mafuta na roho yangu imetulia; kinachonikosesha usingizi ni mgahawa, kwa sababu nimesikia, msidhani sisikii, kwamba Ngeleja mwenye baa amekuja kupima ukumbi wangu nami ningali hai.

Mgahawa ule sikuuokota. Nilivuka ziwa kutoka Kasanga hadi Bujumbura nikiwa msichana, nikaangukia jikoni kwa Madamu Selesti, Mfaransa wa Marsei, mji wa pwani ya Mediterania, mama mkali asiyevumilia kitunguu kilichoungua. Kwake nilijifunza supu ya samaki yenye nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na mchuzi wa siagi usiotaka uugeuzie mgongo, na kwamba chakula cha heshima huja kimoja kimoja, kwa zamu yake, mtu akala bila papara. Niliporudi nikatandika vitambaa vyeupe mezani hapa Milanzi, Sumbawanga, watu wakasema Epifania amerudi na wazimu.

Baba yenu, Mungu amrehemu, alipenda kusimulia siku ya ufunguzi. Baada ya samaki nilipitisha vibakuli vya maji ya vuguvugu yenye limau, kama kwa Madamu, wageni wasafishe vidole kabla ya nyama. Sasa kwetu Ufipa maji yakija baada ya kula, chakula kimekwisha. Wageni wangu wenye adabu wakanawa, mzee Nestory katekista akaongoza sala ya shukrani, wakavaa makoti wakaenda zao na njaa, hakuna aliyethubutu kuuliza, na mbuzi wangu wa divai yumo kwenye oveni. Nililia, kisha nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kesho yake nikawafuata nyumba kwa nyumba kuwaomba warudi. Tangu hapo maji ni mwanzo na mwisho tu, na nyama huja kwenye sinia moja katikati ya meza, ugali wa ulezi pembeni, na wakubwa kutoka Dar wanakula hivyo hivyo na kuomba nyongeza.

Gaudiosa, umerudi na cheti chako cha hoteli kutoka Arusha, unataka kila mtu na sahani yake yenye kipande cha nyama kama sabuni ya kuogea. Glasi, vitambaa na kauli nzuri kwa wageni ni vyako, huko sikuwezi. Sinia usiliguse. Na shangazi yako Asnath, aliyenitangaza kanisani kwamba nawalisha watu konokono, akija mpe meza ya mbele. Mimi nimeshachoka kumnunia.

Polikarp, wewe uliniumiza, nakwambia wazi. Ulitundika aproni ukutani ukaniambia, "Mama, wenzangu wananicheka, jiko si la mwanaume," ukaenda kuendesha malori kule mpakani Kasesya. Wanaokucheka wanakula ugali uliopoa. Juzi, hamu ya kula iliponiisha, uliingia jikoni ukidhani nimelala, ukaniletea supu ya kuhe, yule samaki wa ziwani kwetu. Mnaujua mdomo wangu: nilionja nikitafuta cha kukosoa. Nikaonja tena. Sikupata kitu, mwanangu. Uliyaona machozi ukadhani ni maumivu, ukakimbilia dawa. Ilikuwa furaha, sijapata furaha kama ile tangu baba yenu afariki.

Basi shikeni neno langu. Shamba la ulezi mligawane, mtaelewana. Mgahawa hauuzwi. Jiko ni la Polikarp, ukumbi ni wa Gaudiosa, na hakuna atakayeamua peke yake bila mwenzake. Ngeleja mwambieni kwa heshima atafute pengine, tena mkaribisheni chakula, huenda akaelewa. Siku ya kunizika waombolezaji wapeni ugali na maharage kama desturi, lakini siku ya kuanua tanga wekeni vitambaa vyeupe, wale vizuri, wacheke.

Gaudiosa, nifunike miguu. Baridi hii... siyo ya Sumbawanga hii.

Mungu awape mikono isiyochoka. Awape kusikilizana. Meza yenu isikose watu, na watoto wenu... wajue kupika, wa kiume na wa kike.

Hilo gari nje ni la wageni wa jioni. Mbona mnaniangalia? Mimi nitalala kidogo tu. Polikarp, chukua aproni.

Nenda, baba. Watu wana njaa.