Mama Kupe Avua Koti Jeupe

Tarehe 30 ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, mtaalamu wa maabara wa kliniki yetu anastaafu. Wagonjwa humwita Mama Kupe, naye huitika. Nimeombwa kuandika wasifu huu wa kusomwa katika hafla hii ya kumuaga kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mbele kidogo mtaona jinsi mwandiko huohuo ulivyoniponza.

Alianzia katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, chenye darubini moja na kiti kinachoyumba. Mwaka wake wa kwanza aliandika lebo kwa wino, akazitumbukiza kwenye chupa za spiriti pamoja na kupe. Asubuhi spiriti ilikuwa ya buluu na lebo zote nyeupe. Kisa hicho hukisimulia mwenyewe, tena mbele ya wageni wa heshima. Tangu hapo penseli haimtoki sikioni, hata kwenye harusi ya bintiye. Picha zipo.

Miaka miwili iliyopita, wachungaji na wakamuaji walianza kuja na homa kali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, wakapewa dawa za malaria hivyo hivyo, wakarudi wakiwa hoi zaidi. Mama Kupe akaanza kuwavua soksi. Mzee mmoja alimjia juu: "Mama, naumwa kichwa, wewe unahangaika na miguu?" Akajibiwa, "Kichwa nimekisikia, baba. Sasa niache niusikilize mguu." Alikuwa akitafuta kigaga cheusi, alama ya mahali kupe alipong'ata. Alikipata kwa watu saba. Daktari akasema bakteria wa kupe hawajawahi kuonekana upande huu, na kwamba hawezi kubadilisha dawa kwa kubahatisha. Alitaka ushahidi.

Mgonjwa wa nane alikuwa mama yangu.

Wakati huo nilikuwa katika klabu ya sayansi ya shule, kwa hiyo nilijitolea kukusanya kupe. Nilikokota shuka jeupe juu ya majani ya mashamba matatu, kama Mama Kupe alivyonionyesha, na kupe wakalidandia. (Shuka lilitoka kitandani kwake; mumewe bado analiulizia.) Kisha, kwa unadhifu niliofunzwa, nikawatia wote katika chupa moja na kuiandika kwa herufi za kupendeza: KUPE. Maabara kuu iliirudisha ikiwa na swali moja: kupe wa wapi? Kwa kweli, hata mimi sikujua tena. Siku tisa zilipotea, na homa ya mama haikutusubiri.

Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Mama Kupe hakunigombeza. Alinipa penseli, chupa tatu na shuka la pili, akasema, "Afadhali umewakosea kupe, hawana wa kumshtakia. Vaa viatu twende." Tukarudia mashamba yote siku hiyo, kila shamba na chupa yake, lebo ndani. Jibu lilikuja kwa simu: bakteria walikuwemo, katika kupe wa shamba letu wenyewe. Daktari alibadilisha dawa kabla ya saa sita mchana. Siku ya tatu mama aliomba chakula, akalalamika kwamba kimepoa. Sijawahi kufurahia lawama kiasi kile.

Leo fomu ya kliniki ina swali jipya kuhusu kupe, na watu arobaini na wawili wametibiwa mapema kwa sababu yake. Daktari mwenyewe sasa huwavua watu soksi, ingawa hana mkono mwepesi kama wa Mama Kupe.

Mama Kupe, asante kwa kutazama pale ambapo wengine hawakutazama. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaosikia wanapoitwa. Nami nasomea kazi yako, na naomba uvumilivu wa watakaonifundisha.

Mama yangu amekaa safu ya pili. Amenikataza kuandika mengi juu yake, basi naandika moja tu: kutoka nyumbani hadi hapa, ametembea mwenyewe.