Neno Lisilotajwa Wodini

Marlene alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Ndani ya basi la jijini Pittsburgh, karani wa benki alikuwa akimwomba ushauri muuguzi aliyetoka zamu.

"Dada, digrii ninayo tayari. Kozi ya uuguzi ya harakaharaka naimaliza mwaka na ushee."

"Mwaka wa kutolala, kaka! Mkeo atakusahau sura. Baki benki."

"Benki nitaoza. Kwani leo wodini hakukutulia?"

Muuguzi akamziba mdomo asije akarudia "kutulia". "Neno hilo halitajwi! Ukilisema tu, wagonjwa wanamiminika."

Upuuzi mtupu, aliwaza Marlene. Papo hapo basi likafunga breki, mzee mmoja akaanguka chini. Kabla muuguzi hajainuka, karani alishapiga magoti kando ya mzee.

"Usimwinue!" muuguzi akafoka, kisha akalegeza sauti. "Mshike mkono, muulize jina. Na lile neno, ukome kulitaja."