Method Selestine Lyamba, Mtunza Magoti wa Mpanda

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Kawajense, na nyie viongozi wa Stesheni Stars ambao naona mmepewa viti vya mbele: naitwa Verdiana Lyamba, mwalimu mstaafu, dada wa marehemu. Familia imenikabidhi kazi ya kuandika maisha ya mdogo wangu na kuyasoma mbele yenu. Wameniomba niwe mpole. Nimejaribu.

Marehemu Method Selestine Lyamba alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Aprili 1969, katika kijiji cha Mamba, Mpimbwe, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Selestine Lyamba na mama Specioza. Alibatizwa sikukuu ya Pentekoste ya mwaka huohuo. Alikulia kwenye majaruba ya mpunga kama sisi sote, ila yeye macho yake yalikuwa kwenye miguu. Akiwa na miaka minane alimfunga mbuzi wetu aliyevunjika mguu kwa matete na kamba ya katani, kisha akamkataza baba kumpeleka mbuzi huyo malishoni kwa wiki tano. Baba alitii. Alikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza Method katika mambo ya mguu, na kwa mkoa huu wa Katavi alibaki miongoni mwa wachache.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mamba kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha sekondari ya bweni Sumbawanga hadi mwaka 1987. Alikuwa winga wa kulia, mwenye mbio. Likizo ya Juni 1987, siku ya Ijumaa, aliteguka kifundo cha mguu mazoezini, na Jumapili kijiji kilikuwa na fainali. Baba yetu mdogo, aliyesifika kwa kunyoosha viungo, aliushika mguu ule akauvuta huku watu wanne wamemkalia mgonjwa. Maji ya moto niliyachemsha mimi. Chumvi niliitia mimi. Na niliukanda mimi, kwa nguvu, kwa mapenzi, hadi ukavimba kama boga. Jumapili wazee waliufunga kwa kipande cha kanga wakamwingiza uwanjani, naye akacheza hadi mwisho. Tulishinda mbili kwa moja. Leo hakuna mtu hapa anayeweza kunitajia aliyefunga mabao hayo, lakini wote mnakumbuka jinsi Method alivyochechemea hadi juzi.

Alimaliza kidato cha sita Tabora mwaka 1990, na kuanzia 1992 hadi 1995 alisomea tiba ya viungo huko Moshi. Aliporudi alinieleza aliyojifunza. Kwamba kiungo kilichoteguka hakivutwi wala hakikandwi kwa maji ya moto. Siku za mwanzo kinapozwa, kinafungwa, kinainuliwa. Kwamba misuli huandaliwa kabla ya mchezo, na kwamba mchezaji akiumia hurudishwa hatua kwa hatua. Nami, dada yake, mwalimu wa watu, nilimcheka. Nilimwambia, "Yaani umekaa Moshi miaka mitatu uje kufundisha wanaume wazima kusimama mguu mmoja kama korongo?" Akajibu, "Dada, simama wewe, fumba macho, nikihesabu thelathini hujaanguka nakuacha ucheke." Nilifika tisa. Sikuacha kucheka, na leo naona aibu kulisema hilo mbele ya jeneza lake.

Januari 1996 aliajiriwa katika hospitali ya serikali hapa Mpanda, akafanya kazi hadi alipostaafu kwa hiari Aprili 2024. Alihudumia waliopooza, waliovunjika, na watoto wenye miguu iliyopinda. Jioni, tangu mwaka 2003, aliwahudumia wachezaji wa Stesheni Stars bila kuajiriwa na mtu. Huko ndiko alikokutana na dharau kwa sura zake zote. Aliwaomba dakika ishirini tu za kuandaa mwili kabla ya mechi: kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, na lile zoezi la kupiga magoti mwenzako amekushika visigino, unajishusha mbele polepole hadi misuli ya nyuma ya paja iwake. Mashabiki walipiga kelele kwamba timu inafanya mazoezi ya kwaya. Viongozi walisema nguvu zitaisha kabla ya mpira kuanza. Msimu mmoja tu, mwaka 2016, kocha mmoja mgeni alimkubalia, na waliochanika misuli wakashuka kutoka kumi na mmoja hadi watatu. Kocha yule alifukuzwa kwa kosa la kuwachosha vijana.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa kwetu vijana wamevunjika kwa kuwasikia wakuu. Wakuu wenyewe wana miili ya thamani sana. Mwenyekiti wa klabu, bwana Anicet, aliwahi kushtuka mgongo akiinua gunia la mahindi. Aliletwa nyumbani kwa Method akilia, akaambiwa apumzike na kufanya mazoezi mepesi kwa wiki sita, akazifuata zote bila kuruka hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe.

Tarehe 24 Oktoba 1998 marehemu alifunga ndoa takatifu na Lucia Kalisti wa Kapalamsenga. Siku hiyo Faith, mdogo wake bibi harusi, aliteguka kifundo wakati wa kuingia ukumbini, kwa viatu vyenye kisigino kama msumari. Bwana harusi aliacha mkono wa mkewe, akaenda kuchota barafu yote iliyoletwa kwa ajili ya soda, akaifunga kwenye kitambaa cha meza. Faith alikaa sherehe nzima mguu ukiwa juu ya kreti, na wiki tatu baadaye alikuwa akicheza netiboli. Wazee wa Kapalamsenga walikunywa soda ya moto, na hadi leo wakikutana nami hawaulizi habari za Faith, wanaisema soda. Wifi yangu Lucia husema hapo ndipo alipojua ameolewa na mtu gani. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa nafika mahali ambapo nimeombwa nipite haraka. Sitapita haraka.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, Stesheni Stars walikuwa na mechi ya kuwania ubingwa. Kamati inayojiita ya ufundi, ambayo ufundi wake ni kupeleka kuku kwa mganga, iliambiwa kwamba geti la uwanja limetegwa. Timu isipite getini. Iruke ukuta wa nyuma. Wachezaji kumi na wanane, wamevaa viatu vya njumu, wakapangwa mstari chini ya ukuta mchana kweupe. Method alipofika aliwakuta sita wamesharuka.

Alimwambia Anicet, "Mwenyekiti, ukuta huu ni futi saba, na upande wa pili ni mawe matupu."

Anicet akamjibu, "Daktari, wewe shughulika na barafu zako. Mambo ya ufundi tuachie sisi."

Wa tisa kuruka alikuwa Manyanda Ng'washi, beki wa kulia, wakati huo ana miaka ishirini, mtoto wa wafugaji waliohamia Kabungu kutoka Usukumani. Alitua juu ya jiwe, goti likaingia ndani. Method alimpima palepale, akasema kano imeguswa, huyu hachezi. Wakamfunga bandeji, wakamwambia mwanaume hafi kwa goti, wakamwingiza. Dakika ya kumi na moja aligeuka kufuata mpira, akaanguka bila kuguswa na mtu, na kano ya mbele ya goti ikakatika kabisa. Stesheni Stars walifungwa tatu bila. Wapinzani walikuwa wamepita getini, wote, wakitembea.

Manyanda alifanyiwa upasuaji Mwanza tarehe 22 Oktoba 2024. Alirudi na magongo mawili na paja lililokonda, na kwenye klabu hakuna aliyemtambua tena. Method alimchukua. Kila asubuhi, uani kwake Kawajense, alimfundisha kunyoosha goti, kulikunja, kupanda ngazi moja, kuvuta mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwenye nguzo, kubeba mchanga. Alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba kabla ya miezi tisa hakuna mechi, na hata baada ya hapo ni goti litakaloamua, siyo kalenda. Kijana alitaka kukimbia mwezi wa pili. Method alimfichia viatu.

Februari mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa imeshasambaa. Alitibiwa hapa na Mwanza, kisha akaomba kurudi nyumbani. Aliendelea kumfundisha Manyanda akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba barazani, akihesabu kwa kugonga fimbo sakafuni, na sauti ilipokwisha aligonga tu. Katika miezi hiyo minne hakuna kiongozi hata mmoja wa Stesheni Stars aliyekanyaga baraza ile. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025, saa mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku ileile klabu ilileta shada la plastiki pana kuliko mlango. Lilibidi liingizwe kwa ubavu.

Jumanne alasiri, kwenye kikao cha msiba, Anicet alisimama kutoa salamu. Alisema, "Jumamosi tumeandaa mechi kubwa ya kumuenzi Daktari wetu. Tunaomba iandikwe kwenye ratiba. Na Manyanda ataanza! Mawakala wa timu ya Mbeya wanakuja, kijana anaweza akaondoka na mkataba." Watu wakapiga makofi msibani. Manyanda alikuwa amesimama pembeni ya turubai, tangu asubuhi alikuwa akibeba viti, na nilimwona akimeza mate. Nani asiyetaka Mbeya?

Nilimwuliza, "Manyanda, mwalimu wako alisemaje?"

Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Alisema kwanza niruke. Naruka kwa mguu mmoja mzima, natua na huohuo. Halafu naruka na huu wa upasuaji. Huu ukifika sehemu tisa kati ya kumi za ule, hapo twende hatua nyingine. Usipofika, bado."

"Basi aruke hapahapa tumalize," Anicet akasema. "Nyie si mmemwona anabeba viti?"

Mzee mmoja alinung'unika kwamba hayo si mambo ya matangani. Wifi yangu Lucia alisema kutoka kwenye mkeka, "Mwacheni aruke. Mwenye msiba ni mimi."

Kuna jambo Method aliwahi kunieleza, nami siku ile nililikumbuka nikaogopa. Wachezaji wenye haraka hudanganya katika kipimo hicho, na hawadanganyi kwa mguu mbovu, maana huo hauwezi. Hudanganya kwa ule mzima. Wanaruka nao kivivu, kifupi, ili mbovu uufikie. Pale turubaini tuliolijua hilo tulikuwa wawili, mimi na Manyanda. Method, ambaye angemkemea, alikuwa mochwari.

Manyanda alivua kandambili. Alisimama kwa mguu mzima, akavuta pumzi, akaruka kwa nguvu zake zote, hadi wanawake waliokuwa wakisonga ugali wakavuta kanga zao. Optatus, mtoto mkubwa wa marehemu, akaweka jiwe dogo alipotua. Kisha Manyanda akarudi, akasimama kwa mguu wa upasuaji. Akaruka. Hakuna aliyehitaji kupima, lakini alipima mwenyewe kwa nyayo, kisigino kwa kidole, akihesabu kwa sauti. Mguu mzima nyayo saba. Mguu wa upasuaji nyayo tano na nusu.

"Bado, Mwenyekiti," alisema, akaenda kuendelea na viti.

Anicet alitazama simu yake. Familia imekataa jina la Method litumike kwa mechi yoyote Jumamosi, ndiyo maana hamuioni kwenye ratiba mliyoshika. Mtaalamu aliyeshika nafasi ya marehemu hospitali amekubali kuendelea na Manyanda kuanzia Jumatatu. Mawakala wa Mbeya wakitaka beki, watarudi; wasiporudi, goti ni la kwake, na ana miaka mingi ya kulitembelea.

Marehemu ameacha mjane, Lucia, watoto watatu, Optatus, Specioza na Denis, wajukuu wawili, dada yake mimi, na kaka yetu Silvester. Ameacha wagonjwa wengi wanaotembea kwa miguu yao, baadhi wamekuja leo, na nawashukuru. Ameacha pia kijana mmoja wa Kabungu ambaye angeweza kutudanganya sote kwa kuruka kifupi, na hakuruka kifupi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mdogo wangu kwa miaka ishirini na tisa, nami niliifananisha na korongo.

Ee Bwana, mpokee Method. Umpe amani ambayo sisi hatukumpa.