Sindano ya Jimu

Kwenye feri ya Mfangano, Mzee Obare alimtazama mwanamke aliyeketi kando yake mpaka huruma ikamshinda. "Pole, nyathina, mwanangu. Ugonjwa ulikushika lini?"

"Siumwi, baba," Roseline alijibu. "Ni jimu ya Homa Bay."

"Jimu si ya kuinua vyuma?"

"Siku hizi wana nesi pale kando ya vyuma. Akanidunga sindano za kupunguza mwili."

"Na ukalipa ili ukonde?"

Roseline aliyagusa mashavu yake kwa heshima wanayopewa marehemu. "Hamu ya chakula ilikwisha kabisa. Mama amenipikia ngege, na mimi harufu tu ya samaki inanitapisha. Atadhani namdharau."

"Mwambie ukweli."

"Alinikataza, baba. Alisema mwili huu niliupata kwake, niuache."

"Basi meza tu. Chakula cha mzazi hakikataliwi."

"Nikimeza kitarudi, na kitarudia mbele yake."

Mzee alisogeza miguu yake kando.

Feri iligusa gati. Mama alikuwa amesimama pale, akimpungia mkono kwa furaha mwanamke mnene aliyekuwa nyuma ya Roseline.