Beberu wa Mama Mukakalisa na Sheria ya Kurudisha

Wasikilizaji wapendwa, kama betri za redio yako zimechoka, zianike juani upesi, maana leo sitaki upitwe. Tunamkumbuka marehemu mama Speciose Mukakalisa wa Nyaishozi, aliyeuza mbuzi kwa simu ya upepo. Narudia: mbuzi, kwa simu ya upepo.

Mumewe alipofariki, Mukakalisa alibaki na watoto watatu, bila kibanja cha migomba. Alikuwa na beberu mmoja tu, mweusi, mwenye baka jeupe usoni, jina lake Mkwe. Akasema, nikimuuza huyu nitapata kibanja. Mwaka 1991 alikwenda misheni, akaomba simu hiyo, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, akamtangaza Mkwe mpaka Nyakatuntu. Mzee Rwegoshora, mwenye mbuzi majike tele, akamtaka papo hapo. Hakumwona hata mkia! Mkwe akapandishwa lori la kahawa, pamoja na kikapu cha maganda ya ndizi, chakula chake cha njiani.

Sasa sikilizeni. Siku hizo ikaja sheria ndogo mpya ya biashara za mbali. Aliyenunua kitu bila kukiona aliruhusiwa kukirudisha ndani ya juma moja, akapewa fedha zake, mradi ataje kasoro. Narudia: mradi ataje kasoro.

Rwegoshora alifurahi huyo! Mkwe akakaa na majike, wakazoeana vizuri, kisha akarudishwa. Kasoro? "Ana dharau." Akaagizwa tena, akarudishwa tena. Kasoro? "Anakoroma." Jamani! Na huku vitoto vya mbuzi Nyakatuntu vinazaliwa vyote na baka jeupe usoni.

Mukakalisa alilia mbele ya baraza. Mnunuzi mwingine hakuwa naye, na kibanja kilikuwa kinamponyoka. Mwenyekiti akamjibu, "Pole mama, lakini kasoro imetajwa."

Rwegoshora, hata hivyo, alisahau kumhesabu mkewe, Bi Placidia. Bi Placidia alipoona kile kikapu cha maganda kinataka kurudi na Mkwe kitupu, alikuja juu. "Chombo cha mwenzio kitoke kwangu kitupu? Kwani mimi nimekufa?" Akakijaza maharage, pomoni.

Anonciata, binti wa marehemu, anasimulia: "Mama alifunua kikapu, akacheka mpaka akakaa chini. Safari iliyofuata Mkwe alisafiri na tenga."

Tenga, wasikilizaji! Baadaye matenga mawili. Bi Placidia anajaza tu, aibu hiyo haitaki. Ghala la Rwegoshora likabaki na panya, na kuacha kumwagiza Mkwe hawezi, majike wanamngoja. Mzee mbio barazani: "Sheria hii ifutwe, inatuonea wanunuzi!"

Mukakalisa akasimama, akapiga goti kidogo. "Shikamooni wazee. Mimi naomba ibaki."

Baraza zima liliangua kicheko, na sheria ikabaki. Maharage ya Bi Placidia ndiyo yaliyonunua kibanja. Na ndimo tulimomzika mama wiki iliyopita, katikati ya migomba yake mwenyewe.

Mzee Rwegoshora alikuja, na mkongojo wake. Nilikuwepo. Alisimama kaburini, akasema, "Mama, mbuzi wako hakuwa na kasoro hata moja. Nilikuwa najua." Kisha akashikwa mkono, akaondoka.

Anonciata na ndugu zako, poleni sana. Tunalia nanyi, ingawa najua mama yenu angetaka tucheke.

Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu unayemtegemea huku kila siku unamtafutia kasoro? Mzee Rwegoshora alilisema lake kwenye udongo. Wewe wako yuko jikoni, au yuko shambani. Punguza sauti ya redio, nenda ukamwambie.