Gelasius Mihayo, Mpenda Treni Ambaye Hakuwa Injinia

Baba Paroko, watoto wa marehemu, wanajumuiya na ndugu wote wa hapa Houston, mliotoka Dallas na kwingineko, mimi naitwa Pelagia Mihayo, ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na kwa kuwa wakubwa wetu wote wametangulia, ni mimi niliyeombwa nisimame hapa leo, Jumamosi tarehe 23 Novemba 2019, niwasomee maisha yake. Karatasi niliyopewa na kamati ya mazishi niliisoma jana, nikairudia, na nimeiacha ndani ya gari, kwa sababu mtu anayeelezwa humo simfahamu. Hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe, na nawaomba radhi mapema, nimeiandika nikiwa na hasira, na hadi sasa hivi hasira haijaisha.

Marehemu Gelasius alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953 mjini Tabora, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Mihayo Kasanda na mama yetu Nyanzobe, na baba yetu alikuwa fundi cherehani, hakuwa mtu wa reli, naomba hilo lieleweke tangu mwanzo. Nyumba yetu ilikuwa jirani na njia ya treni, na wakati huo vichwa vya treni vilikuwa vya moshi, vimetoka Uingereza, vina mabamba yaliyoandikwa jina la kiwanda na mji vilikotengenezwa, na kaka yangu alijua kusoma yale mabamba kabla hajaanza shule. Mama alimchapa mara nyingi kwa kuchelewa na ndoo ya maji, wala haikusaidia kitu.

Alisoma shule ya msingi hapo Tabora kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaendelea na sekondari hapohapo hadi 1971, kisha akasomea maabara Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1974, na baada ya kufanya kazi hospitalini kwa miaka kadhaa alipata nafasi ya masomo zaidi nchini Uingereza, katika mji wa Bristol, alikokaa tangu Septemba 1981 hadi Julai 1984. Alikwenda kusoma maabara, narudia, maabara, kupima damu, kutafuta malaria na kichocho, na cheti chake ninacho hapa mkononi, anayetaka kukiona aje baadaye.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu hamkutaka kulielewa alipokuwa hai. Huko Uingereza wako watu, na ni wengi, ambao siku ya mapumziko huenda stesheni kutazama treni, wanaandika namba za vichwa, wanavipiga picha, vya zamani na vya sasa, hawalipwi, hawatumwi na mtu, na hawaoni haya, na kaka yangu kila Jumamosi alisimama nao mwisho wa jukwaa la stesheni ya Bristol, kwenye baridi, na kamera aliyoinunua kwa kujinyima, wakamzoea, wakawa wanamgawia chai kutoka kwenye chupa zao. Wenzake wa kutoka nyumbani walikuwa wakitafuta suti na redio za kutuma kwao, naye alikuwa akitafuta kichwa cha treni ambacho hajakiona. Alipenda tu, basi.

Mwaka 1983 alituma nyumbani picha moja, amesimama kando ya treni ya mwendo kasi, amevaa kofia aliyoazimwa na dereva, na picha hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote hili, kwani shangazi zetu waliitazama, wakasema Gelasi anaendesha treni ya Malkia, na kabla mwaka haujaisha Tabora nzima ilikuwa inajua kwamba mtoto wa Mihayo ni injinia wa reli Ulaya. Kaka alipinga kwa barua, hakuna aliyesikia. Tarehe 12 Desemba 1987 alipofunga ndoa na marehemu wifi yangu Clara, mshereheshaji alimkaribisha ukumbini kama injinia wa reli kutoka Uingereza, watu wakapiga vigelegele, naye akiwa na suti yake ya harusi akaenda akachukua kipaza sauti, akasema, "Jamani, mimi ni mtu wa maabara, napima damu na vinyesi, treni nazipenda tu." Ukumbi ulicheka, baba yetu hakucheka, alikaa miezi bila kumsemesha, na kaka hakuomba msamaha kwa kusema kweli. Nilikuwepo, nilikuwa msimamizi wa bibi harusi.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, Edson na Vicent, na wajukuu wanne. Alifanya kazi Tabora hadi mwaka 1999, alipopata bahati nasibu ya viza na kuhamia hapa Houston na familia yake, akaishi mtaa wa Sharpstown, akafanya kazi katika maabara ya hospitali hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 2011, alimzika Clara na hakuoa tena. Picha zake alikuja nazo kwenye ndege, nyingi zikiwa slaidi, zile ndogo za kumulika ukutani kwa projekta, zimejaa masanduku kumi na moja, na alizipanga kwa stesheni na mwaka, akawa anawaonyesha wajukuu, nao walikuwa wakimwambia, "Babu, one more train."

Alipostaafu alijiunga na kikundi cha wazee wanaopenda treni za Uingereza, kinachokutana Dallas mara moja kwa mwezi, kwa hiyo alikuwa akiendesha gari kutoka Houston, analala kwangu hukohuko Dallas, asubuhi tunakwenda wote. Mimi nilikwenda mara ya kwanza ili nimcheke. Niliona wanaume wazima wamenyamaza gizani, kaka yangu anaonyesha slaidi zake, kila mtu anatazama, mmoja wao, Mwingereza anayekaa Plano, jirani na Dallas, akatoa leso akafuta macho, kwa sababu stesheni iliyokuwa ukutani ilikuwa ya kwao na ilishabomolewa, na picha aliyoipiga Mnyamwezi ndiyo iliyomrudisha. Hapa kwetu, kwenye maegesho baada ya misa, kaka yangu yuleyule aliulizwa, "Mzee, una-benefit nini?" na wapo waliosema ni Freemason. Mmekaa hapa, mnajijua.

Mwezi Mei mwaka 2018 alirudi Uingereza kwa wiki tatu, akasimama pale Bristol mahali alipokuwa akisimama ujana wake, akapiga picha zilezile upya, treni mpya zikiwa zimeanza kuziondoa zile alizozikuta zinang'aa mwaka 1981, na akakuta kichwa kimoja alichokipiga picha enzi hizo bado kiko kazini, namba ileile. Alinipigia simu akiwa jukwaani, anacheka kama mtoto. Nia yake ilikuwa kuziweka pamoja, ya zamani na ya sasa, ubavu kwa ubavu, awape wale wazee wa Dallas na wajukuu wake, na kazi hiyo alikuwa ameianza.

Januari 2019 aligundulika figo zimeshindwa, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 17 Septemba alipata kiharusi, akalazwa, na hakurudi tena kwenye nyumba yake. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha, Edson akaenda kuhamisha vyombo, na masanduku yote kumi na moja aliyabeba akayatupa kwenye jalala la pale apartment, pamoja na godoro. Haya nimeyajua juzi kwenye matanga, nimeambiwa na jirani yake, Salvator, ndugu yetu Mrundi, aliyerudi kutoka kazini hotelini akakuta gari la taka linamalizia kupakia, akakimbia, akapiga kelele, gari likaondoka. Salvator aliniambia, "Mama, nilidhani muko munajua," na alilia kuliko wenye msiba.

Na kaka yangu alikuwa akiuliza. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila nilipokuja kutoka Dallas aliuliza masanduku yako wapi, na Edson alimjibu mbele yangu, "Dad, ziko storage," nami nikaitikia, ndiyo kaka, ziko storage, kwa sababu nilimwamini mtoto. Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2019 mchana akiamini hivyo. Amekufa amedanganywa, na kinywa kimojawapo kilichomdanganya ni changu bila mimi kujua, na hilo, Edson, sijui utanilipa kwa kitu gani.

Jana nilimwuliza kwa nini, akaniambia, "Shangazi, nilidhani ni old stuff tu." Nikamwuliza sasa hii karatasi ya kamati, inayosema baba yako alikuwa injinia wa shirika la reli la Uingereza kwa miaka mitatu, umeiandika ya nini, akasema, "Kuna madaktari watakuja, kuna ma-professor, nita-stand vipi niwaambie baba yangu alikuwa ana-watch treni?" Mnasikia? Treni zake za kweli, alizozisubiri amesimama kwenye baridi, zimekwenda jalalani, halafu akiwa amelala ndani ya sanduku, hawezi kuchukua kipaza sauti, wanampa treni za uongo. Kijitabu mlichoshika kimeandikwa Eng., yaani Injinia, Gelasius Mihayo. Fulana walizovaa vijana zimeandikwa Eng. Na nimeonyeshwa kwenye simu mchoro wa jiwe la kaburi, fundi anaanza kuchonga Jumatatu, nalo limeandikwa Eng., na pembeni kuna kichwa cha treni ambacho hata si cha Uingereza.

Kijitabu mtakitupa, fulana zitapauka, lakini jiwe litabaki, na wajukuu watalisoma. Kupima damu ni kazi ya heshima, ilisomesha watoto hawa wawili. Kupenda treni hakukumdhuru mtu yeyote, na mtu mzima ana haki ya kupenda kitu bila kuulizwa kinamlipa nini. Kama mnaona haya, oneni haya kwa lile jalala.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa kusafisha damu waliomwita Mr. Trains na kumwacha aongee, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa maabara, wanajumuiya mliopika na kukesha nasi, majirani wa Sharpstown, na Salvator, Mungu akulipe kwa mbio zile. Nawashukuru wazee wale waliokaa mstari wa mwisho karibu na mlango, kamati haikuwaweka kwenye ratiba, wameendesha gari kutoka Dallas alfajiri, hawaelewi neno hata moja ninalosema na bado wamevua kofia, mkitoka wapisheni watangulie kumuaga rafiki yao.

Kaka Gelasius, mtu wa maabara, mtoto wa fundi cherehani, nimesema ulivyokuwa, wewe sasa pumzika kwa amani. Edson, mwanangu, wewe usipumzike, mpaka neno lile litoke kwenye jiwe la baba yako.