Mama Emerance na Swali la Paja la Nguruwe

Mama Emerance Kabulo alizaliwa mwaka 1914 huko Kiambi, kando ya Luvua, binti wa wakulima. Masista walimfundisha kusoma, kushona na kupika, wakachoshwa na maswali yake.

Mwaka 1932 alifunga ndoa na Papa Évariste, fundi wa reli, wakahamia Albertville. Walijaliwa watoto watano. Alipika katika jiko la hospitali, na nyuma ya nyumba alifuga nguruwe weusi wa kienyeji, wale wadogo wenye mgongo uliobonyea. Kila aliyechinja pale aliulizwa: ndani ya kipande hiki kuna nini hasa?

Mwaka 1961 mjukuu wake Dorothée, mwenye miaka miwili, alivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Mama alimnywesha supu ya nyama ya tumbo la nguruwe, yenye mafuta tele, kwani sote tuliamini nguvu iko humo. Mtoto akazidi kudhoofika, tukaanza kuogopa kutaja jina lake. Basi Mama akambembeleza Urbain wa maabara ya hospitali apime nyama ya tumbo na ya paja. Vipande vikakaushwa, mafuta yakayeyushwa. Kwenye nyama ya tumbo karibu nusu ilikuwa mafuta. Kwenye paja mafuta machache, nyama ndiyo nyingi. Mama alilia, kisha akanoa kisu.

Lakini kwetu paja ni haki ya mjomba. Mdogo wake Mama, mjomba wetu Papa Siméon, alikuja kulichukua kwa dada yake mkubwa.

“Yaya, paja yangu iko wapi?”

“Iko ndani ya tumbo ya mutoto.”

Siméon alinuna, hakukanyaga pale mwaka mzima. Mama hakujali, alitwanga nyama ya paja na maharagwe, akamlisha mtoto kijiko kwa kijiko.

Mwezi wa pili mwaka huu, 1965, moyo ulianza kumsumbua. Siméon mwenyewe alileta paja zima. Mama akalisukuma pembeni.

“Hii mupe watoto. Miye munipikie ya tumbo.”

Tukamtazama kwa mshangao.

“Nilisema mafuta haijenge mutoto. Sikusema haina utamu!”

Akala, akalamba vidole. Alifariki tarehe 9 Mei, asubuhi, nyumbani kwake.

Anaacha mume, watoto watano, mdogo wake Siméon na wajukuu kumi na mmoja. Leo, kutoka kanisani hadi hapa kaburini, tulitaka kumbeba Dorothée. Alikataa, akatembea mwenyewe.

Bwana ampumzishe Mama yetu, na amjibu maswali yaliyobaki.